Barua ya Wazi: Mtera, Kalenga na Lugalo ni Safari Moja

Kwenu Waheshimiwa mliopewa dhamana ya malikale, wanyamapori, maji na barabara katika mikoa ya Dodoma na Iringa,

YAH: OMBI LA KUUNGANISHA ZIARA YA BWAWA LA MTERA NA MAENEO YA VITA VYA WAHEHE

Tafadhalini husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na kwa miaka 19 nimekuwa nikifundisha vita vya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, dhidi ya Wajerumani kwa chaki. Nachora bonde, nachora kilima, nachora mshale mmoja mrefu wa Wajerumani na mishale mifupi ya Wahehe ikiushukia kutoka ubavuni, kisha kengele inalia na nafuta ubao. Mahali penyewe vita vilikopiganwa pako mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka kwenye ubao huo, tena kwa barabara ya lami, na katikati ya njia kuna bwawa kubwa ambalo watoto wa Dodoma wanalijua kwa samaki na wazazi wao wanalijua kwa mgao wa umeme. Mwaka jana, baada ya kuahirisha mara mbili, tuliwapeleka wanafunzi 38 wa kidato cha tatu. Barua hii imetokana na siku mbili za safari hiyo, na hoja yake ni kwamba Bwawa la Mtera na maeneo ya vita ya Iringa ni ziara moja, ila yamepangwa kama mambo yasiyofahamiana, kila moja na mlango wake, kila moja na karatasi zake.

Nianze na karatasi, kwa kuwa safari yenyewe ilianza nazo. Kibali cha kuwapeleka wanafunzi karibu na bwawa kilitafutwa katika ofisi moja, kibali cha maeneo ya malikale katika ofisi ya pili, na ile ya pili ilipotaka barua ya utambulisho kutoka ngazi ya juu zaidi, ikazaliwa ofisi ya tatu. Sizitaji, kwa sababu waliotupokea walikuwa waungwana waliofuata taratibu walizokabidhiwa. Katika mojawapo, kijana mwenye adabu aliniuliza kama tunakwenda kutalii au kujifunza. Nikamjibu kwamba tunakwenda kufanya yote mawili. Akaitazama fomu, akaigeuza upande wa pili, akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba fomu ina nafasi ya kimoja tu. Nikachagua kujifunza. Kati ya barua ya kwanza na muhuri wa mwisho zilipita wiki tano, na nauli niliyotumia kufuatilia ingetosha kuwalipia chakula cha mchana wanafunzi kumi.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Bihawana na Mlowa tulizipita gizani, Fufu jua likichomoza kushoto kwetu nyuma ya mibuyu, na baada ya Chipogoro nchi ikaanza kuteremka na joto kupanda. Kisha maji hutokea ghafla, mapana kuliko mtu wa Dodoma alivyozoea kuyaona maji, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa karibu na ukingo na rangi ya bati jipya kule mbali. Ndani yake imesimama miti mikavu iliyokufa bwawa lilipojaa, na kwenye matawi yake wametua minandi waliotandaza mabawa kukausha manyoya, kama nguo zilizoanikwa. Wanafunzi waliokuwa wamelala tangu Mlowa waliamka wote kwa pamoja, na upande wa kulia wa basi ukaelemewa.

Hapo ndipo nilipotamani kusimama nao kwa saa nzima, kwa kuwa Mtera ni Jiografia, Fizikia na Historia kwa wakati mmoja. Bwawa hilo lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 hasa kwa ajili ya kuyatunza maji yanayohitajiwa na mitambo ya Kidatu iliyoko chini zaidi ya mto, na lenyewe likaanza kufua umeme wake, megawati 80, mwaka 1988. Likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Kiwango chake cha juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na maji yakishuka hadi mita 690 mitambo haipaswi kuendelea, kwa hiyo uhai wote wa bwawa hilo kwa upande wa umeme umo ndani ya mita nane na nusu. Mwaka 2006, ukame ulipotubana na nchi ikaingia kwenye mgao, hata mafundi cherehani wa Dodoma walikijua kina cha Mtera kama walivyoijua bei ya uzi.

Tulisimama kwa dakika 12. Barabara inapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa na ulinzi hapo ni mkali, hakuna kusimama na hakuna kupiga picha. Sina ugomvi na katazo hilo, maana chanzo cha umeme wa taifa si mahali pa kuchezea. Shida ni kwamba ukishakatazwa kusimama pale, huelekezwi mahali pengine pa kusimama. Dereva wetu alivuka, akaliingiza basi kwenye uwazi wa vumbi upande wa Migoli, kati ya lori la mahindi na meza za wauza samaki, na watoto 38 wakashuka kulitazama bwawa lao wakiwa wameziba pua kwa moshi wa lori lile.

Mwongoza wageni wetu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga perege. Huku akiwageuza samaki kwa kijiti, alituonyesha kwa kidevu upande ambao viboko hupumzika mchana, akaeleza jinsi kisiki kilichofichwa na maji kinavyoweza kupasua mtumbwi usiku, akakumbuka miaka ambayo maji yalirudi nyuma hadi watu wakapanda mahindi mahali ambapo siku ile tuliona mawimbi tu. Mwanafunzi mmoja alimwuliza mamba wakoje, naye akamjibu kwamba mamba ni mpangaji wa zamani kuliko sisi sote na hadai risiti. Alifunga perege wawili kwenye gazeti, akanipa, akasema hao ni wa mwalimu, hawana bei. Lile lilikuwa somo bora kuliko langu, na hakuna aliyemlipa.

Kutoka Migoli na Izazi barabara inaupanda mlima wa Nyang'oro kwa kona zinazofanya tumbo kuzizima, na ukifika juu unavaa sweta. Tulilala Iringa, asubuhi tukaenda Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa.

Kijiji cha Kalenga kiko kando ya Ruaha Mdogo, na niliwaomba wanafunzi wautazame mto kwanza kabla ya kuingia makumbusho. Maji yale yanateremka kuelekea kaskazini, yanaungana na Ruaha Mkuu, yanaingia Mtera na kufua umeme, yanafua tena Kidatu, na hatimaye yanaingia mto Rufiji ambako sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa maneno mengine, mto uliowanywesha walinzi wa ngome ya Mkwawa unachangia kuiwasha taa ya mezani ambayo mwanafunzi wa Dodoma anaitumia kusoma habari za Mkwawa. Hilo sikulipata kitabuni. Nililiona siku ile nilipokuwa nimesimama ukingoni, bado nguo zangu zikinuka samaki wa Migoli, na ndilo lililonifanya niandike barua hii, kwani nilitambua kwamba kumbe tangu jana yake tulikuwa tukiufuata mto mmoja kuelekea kwenye chanzo chake.

Makumbusho ya Kalenga ni madogo na yametunzwa kwa upendo, na mhifadhi aliyetupokea alizungumza kwa saa nzima bila kutazama karatasi. Aliwaeleza jinsi neno Iringa lilivyotokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Aliwaonyesha kwa mkono upande wa Tosamaganga, kilima ambacho wenyeji husimulia kwamba ndiko mizinga ya Wajerumani iliporusha mawe yake ya moto hadi ngome ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894, mbele ya kikosi cha Gavana von Schele ambacho Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, alikuwa mmoja wa maofisa wake. Kisha wakasogea mbele ya kisanduku cha kioo chenye fuvu. Darasani huwa nataja kwamba Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai, kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichoamuru kirudishwe, na kwamba hakikurudi hadi mwaka 1954, wakati wa Gavana Twining. Wanafunzi huandika tarehe hizo bila kuinua kichwa. Mbele ya kioo kile hakuna aliyeandika kitu.

Baada ya Kalenga tulirudi mjini na kushika barabara kuu ya Morogoro kuelekea Lugalo, mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, na hapa naomba mniruhusu kichekesho kidogo. Basi lilipokuwa likikaribia, mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka Dar es Salaam alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi nimezaliwa Lugalo." Wenzake wakamtazama kama aliyezaliwa vitani. Kumbe alimaanisha hospitali ya jeshi. Kambi ile ya Dar es Salaam na hospitali yake zilichukua jina la uwanja huu wa Uhehe, na leo jina limehamia mjini moja kwa moja, kiasi kwamba ukitaja Lugalo mbele ya Watanzania kumi, tisa watafikiria kituo cha daladala au kitanda cha wagonjwa. Dereva wetu, mtu aliyeizoea njia ya Iringa kwa miaka mingi, alipapita mahali penyewe mara mbili.

Tulipofika sikuwa na bango la kusoma wala mwongozaji wa kumsikiliza, kwa hiyo nilifanya nilichoweza. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kikipita hapo katika mstari mrefu wa askari, wapagazi na punda waliobeba mizinga, huku wapiganaji wa Wahehe chini ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakiwa wamejificha katika mawe na majani. Niliwapanga wanafunzi wangu 38 katika mstari mmoja, hatua tatu kati ya mmoja na mwenzake, nikawaambia watembee kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo. Mimi na mwalimu mwenzangu tukajificha majanini. Tulipochomoka, mwalimu mwenzangu alikuwa ameshamgusa bega mwanafunzi wa katikati ya mstari kabla yule wa mbele hajageuza shingo. Wakacheka sana. Halafu nikawaeleza kwamba mapigano yenyewe yalidumu kwa dakika chache tu, kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kujaza risasi mara ya pili, kwamba Wajerumani kumi waliuawa, Zelewski akiwamo, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi, na kwamba Wahehe nao walipoteza watu wao na kuondoka na bunduki na mizinga. Kicheko kikaisha chenyewe.

Niliwaeleza pia jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka, kwamba wengi wa waliokufa upande wa Nyundo walikuwa Waafrika, askari wa Kisudani, wengine walioitwa Wazulu ingawa waliandikishwa Msumbiji, na wapagazi. Mnara uliopo ulisimamishwa na Wajerumani kwa ajili ya watu wao, na sina nia ya kuomba ubomolewe, kwa kuwa huo nao ni ushahidi. Ninachokiona kuwa aibu ni mtoto wa Kitanzania kufika kwenye uwanja ambao babu zake walishinda vita, akapokewa na kumbukumbu ya walioshindwa peke yake. Jina la Mpangile, ambaye Wajerumani haohao baadaye walimsimika kuwa mtawala kisha wakamnyonga mwaka 1897, sikuliona mahali popote siku ile. Nililitaja mimi kwa mdomo, upepo ukavuma, tukapanda basi.

Waheshimiwa, nisingekuwa na ujasiri wa kuandika haya kama nisingeona mahali pengine yakifanyika. Miaka michache iliyopita nilimtembelea mpwa wangu anayefanya kazi Durban, Afrika Kusini, naye akanipeleka Spioenkop, karibu na Ladysmith. Hapo kuna mto Tugela uliozibwa kwa bwawa katika miaka ya 1970, kuna hifadhi ndogo kandokando ya maji yake, na juu yake kuna kilima ambacho Waingereza na Makaburu walikipigania tarehe 23 na 24 Januari 1900. Waingereza walipanda usiku, ukungu ukiwa mzito, wakachimba handaki fupi kwenye mwamba mgumu, na asubuhi ukungu ulipoondoka wakajikuta wako wazi mbele ya bunduki na mizinga iliyokuwa kwenye vilima vya jirani. Waliokufa walizikwa ndani ya handaki lilelile, na leo urefu wa kaburi hilo umeonyeshwa kwa mawe meupe, hivyo unapotembea kando yake unahesabu hatua zako na kuelewa. Miongoni mwa waliobeba majeruhi katika mapigano hayo walikuwa Wahindi wa Natal, Mohandas Gandhi akiwa mmoja wa viongozi wao. Nilipanda, nikasoma, nikashuka, nikawatazama twiga chini karibu na maji, na jioni nilikuwa nimeielewa vita ambayo sikuwahi kufundishwa.

Vijana wetu wanakijua kilima hicho bila kujua kwamba wanakijua. Mashabiki wa Liverpool wanaoimba habari za jukwaa la Kop kila mwisho wa wiki wanataja jina la kilima hicho, kwa kuwa jukwaa la Anfield lilipewa jina hilo mwaka 1906 kukumbuka waliokufa pale. Nilipowaambia wanafunzi wangu hivyo ndani ya basi, palitokea ubishi mkubwa ambao sitauelezea hapa, kwa sababu mimi ni shabiki wa timu nyingine. Lakini nilibaki najiuliza ni kwa nini kushindwa kwa Waingereza katika kilima cha Natal kunajulikana na kijana wa Area C hapa Dodoma, na kushindwa kwa Wajerumani pale Lugalo hakujulikani naye.

Ombi langu la kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine, ni kibali kimoja. Mwalimu wa Dodoma, Manyoni au Mpwapwa aandike barua moja, aipeleke mahali pamoja, apewe karatasi moja inayomruhusu kusimama Mtera, kuingia Kalenga, kufika Lugalo na, kama gari lake linaweza njia ile, kwenda Mlambalasi. Ofisi zenu zigawane wenyewe kwa wenyewe kiingilio na majukumu, kwa kuwa nyinyi mna simu za mezani na madereva, ilhali mwalimu ana vipindi 28 kwa wiki. Na kwenye fomu hiyo paongezwe nafasi ya kuandika kwamba watu wanakwenda kutalii na kujifunza kwa pamoja.

La pili ni bango la maelezo Lugalo, kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine baadaye, lenye ramani ya siku ile, jina la Mpangile, na maneno machache yanayowataja waliokufa wa pande zote, wapagazi wakiwamo. Wazee wa Kihehe waulizwe kabla halijaandikwa, maana habari nyingi za siku ile zimo vinywani mwao na hazitasubiri bajeti ya mwaka ujao. Nawaandikia haya mimi Mgogo, ambaye mababu zangu hawakuwa na sababu nyingi za kuwapenda watani wetu hao walipokuja kuchukua ng'ombe, kwa hiyo msidhani napigia debe kabila langu. Sambamba na bango hilo, kiwekwe kibao barabarani kinachoonekana mapema kwa dereva aliye katika mwendo, kwa kuwa barabara ile ina malori mengi na kugeuza basi lenye watoto ni hatari ambayo tuliionja mara mbili kwa alasiri moja.

Kuhusu Mtera nitasema kwa uangalifu zaidi, kwa sababu najua neno hifadhi likitajwa kando ya maji, mvuvi husikia neno ondoka. Siombi hifadhi ya namna hiyo. Wavuvi wa Migoli na Chipogoro, wafugaji wanaonywesha mifugo na akina mama wa perege ndio waliolifanya bwawa lile kuwa mahali pa watu, na mpango wowote utakaowafukuza utatuachia maji matupu yenye mamba. Ninachokiomba ni kipande kidogo cha ukingo, mbali na ukuta na mitambo, kilichochaguliwa pamoja na serikali za vijiji, chenye maegesho, vyoo, kivuli, na uzio mfupi unaomtenganisha mtoto na kiboko. Pawe na ubao unaoonyesha kiwango cha maji cha wiki hiyo, ili mtu aone kwa macho ile mita 690 aliyokuwa akiisikia redioni. Vijana wachache wa pale wafundishwe ndege na historia ya bwawa, walipwe kwa kila kundi wanaloliongoza, na kama kutakuwa na mitumbwi ya kuwazungusha wageni, basi maboya ya kuvaa yawepo kabla ya mtumbwi wa kwanza. Mama yule wa perege apewe meza yake ya kwanza karibu na mlango.

Wasomaji wa Dodoma watasema mwalimu ameenda Iringa akasahau kwao, na wana haki. Uwanja wa vita tunao hata sisi, huko Kondoa. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer, Kaburu aliyepigana dhidi ya Waingereza katika vita vya Makaburu, vilevile vilivyokuwa na mapigano ya Spioenkop, na sasa akipigana upande wao, waliingia Kondoa Irangi wakiwa hoi kwa mvua na vifo vya farasi, na usiku wa tarehe 9 Mei von Lettow-Vorbeck akawashambulia bila mafanikio. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Dodoma yenyewe na reli yake ikatekwa. Wageni wanaokwenda Kolo kutazama michoro ya miambani, ambayo imekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006, hupita Kondoa mjini bila kuambiwa neno lolote kuhusu hayo.

Kwa watu wa Ugogo vita hivyo vilikuwa na sura nyingine kuliko ya majenerali. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua ikakataa, na ikafuata njaa ya Mtunya iliyoua maelfu ya watu wetu. Bibi yangu mzaa baba hakujua mwaka aliozaliwa, alijua tu kwamba wakati wa Mtunya alikuwa mgongoni mwa mama yake. Siwaombi mjenge kitu Kondoa mwaka huu, kwani najua mfuko una kina chake kama bwawa. Naomba tu kwamba mtakapokaa kuichora njia ya Mtera na Lugalo, ramani ianzie kaskazini kidogo, ipite Kondoa na Dodoma mjini, ili mtoto wa Chamwino akielekea Iringa ajue kwamba vita havikupiganwa kwa jirani peke yake.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wa mwaka huu wameshaanza kuchanga nauli, na mzazi mmoja mwenye basi ametupunguzia bei kwa sharti kwamba safari hii dereva asipapite Lugalo. Tumepanga kuondoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi Agosti, saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Nitaleta barua ya maombi mapema, nakala tatu, na nitafurahi sana nikiambiwa kwamba mbili kati yake hazihitajiki tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Dodoma.